Kupata walezi wema na kudumu nao: mwongozo kwa wanaotunga sera za malezi ya watoto Kenya

Saa sita za usiku, katika wodi ya watoto, muuguzi alinitazama mimi, akamtazama mtoto niliyempakata, kisha akauliza: "Mama, wewe ni nani wake?" Mtoto alikuwa wa miaka minne, mwili unawaka kwa joto la digrii 40. Nilikuwa nimekaa naye wiki tatu. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, barua sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa simu wa afisa aliyemleta kwangu, na simu ya afisa huyo usiku ule ilikuwa imezimwa. Mtoto alitibiwa kwa sababu daktari wa zamu alikuwa na huruma.

Tangu siku hiyo nimelea watoto wengine wa watu, na nimekaa na walezi wenzangu mikutanoni, misibani na kwenye foleni za maofisi. Walioacha kazi hii wengi hawakuchoshwa na mtoto. Walichoshwa na kuachwa peke yao naye. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kinyume na ilivyozoeleka: matangazo ya kutafuta walezi yanakuja katikati, baada ya kutengeneza yale yatakayowafanya wakae. Mlezi aliyetunzwa vizuri atakuletea dada yake, jirani yake na mwenzake wa chama. Aliyetelekezwa atawaonya wote watatu.

Namwandikia afisa wa watoto, mjumbe wa kamati ya ushauri ya watoto, mtu wa kaunti anayepanga bajeti, imamu, mchungaji, na meneja wa kituo cha watoto anayejua kwamba kituo chake hakitabaki kama kilivyo.

Sheria inasimama wapi

Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 ilianza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo, ikaiondoa ile ya 2001. Inatambua malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa kwa muda na familia isiyo yake, kuasili mtoto, na pia kafala ya Waislamu, ambayo ni kumlea mtoto bila kumpa nasaba ya mlezi. Usajili wa vituo vipya vya watoto ulisimamishwa Novemba 2017, na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke vituoni waishi katika familia. Watoke waende wapi? Wengi wana ndugu. Wasio na ndugu, au ambao kwa ndugu si salama, wanahitaji mlango wa mlezi uwe umeshafunguliwa kabla hawajafika.

Jambo moja la kiutawala huwakwaza wengi. Maafisa wa watoto ni wa serikali ya kitaifa, lakini zahanati, chekechea na sehemu ya basari ziko mikononi mwa kaunti. Sera ya walezi iliyotiwa saini na upande mmoja tu itamwacha mlezi akisukumwa huku na huku. Anza kwa makubaliano ya maandishi baina ya ofisi ya watoto na kaunti, yanayosema nani analipa nini na nani anampokea mlezi akibisha hodi.

Hatua ya kwanza: wahesabu watoto kabla ya kuwahesabu walezi

Usiseme "tunahitaji walezi 100". Chukua mafaili ya miezi 12 iliyopita katika kaunti ndogo yako, yaliyo kwenye CPIMS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za ulinzi wa watoto, na yaliyo kwenye makabati. Kwa kila mtoto aliyeondolewa nyumbani andika umri, idadi ya ndugu aliokuja nao, ulemavu, lugha ya nyumbani, dini, shule, sababu ya kuondolewa, na muda aliokaa nje ya kwao. Kazi ya siku tatu kwa watu wawili.

Karatasi hiyo itakwambia unamtafuta nani. Ikiwa watoto wengi walikuja watatu watatu wa tumbo moja, unatafuta nyumba yenye nafasi, maana kuwatenganisha ndugu ni kuwafiwisha mara ya pili. Ikiwa ni wachanga, unatafuta mtu anayeweza kuamka usiku na asiyeondoka nyumbani alfajiri kwenda kazini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inataka watoto wa chini ya miaka mitatu walelewe katika familia, kwa hiyo hao ndio wa kwanza kwenye foleni. Ikiwa ni wasichana wa miaka 15 wenye mimba, mama mwenye roho ya kuhukumu hakufai hata awe na nyumba ya ghorofa. Iandike haja yako kwa sentensi inayoshikika, kwa mfano: "Tunahitaji nyumba sita zinazoweza kupokea ndugu watatu pamoja, na mbili kati yake zijue lugha ya ishara."

Hatua ya pili: anza na ukoo

Nyanya, shangazi, mama mdogo na mjomba wanalea watoto wa watu nchi nzima bila barua, bila posho, bila mtu wa kuwatembelea. Sera inayowaruka na kwenda kutangaza kwa wageni imeanza na mguu mbaya. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inazitaka mamlaka za majimbo kuwatafuta na kuwajulisha ndugu wa mtoto ndani ya siku 30 tangu alipoondolewa nyumbani, na tangu 2023 serikali ya huko inaruhusu majimbo kuwawekea ndugu masharti tofauti na ya wageni. Tunaweza kuchukua yote mawili. Weka kwenye sera yako siku 30 za kutafuta ndugu, na jina la mtu anayewajibika kutafuta.

Masharti ya ndugu yawe mepesi penye mambo ya nyumba, yawe makali penye mambo ya usalama. Usimnyime nyanya mjukuu wake kwa kukosa chumba cha pili. Lakini uliza nani analala wapi na nani. Uliza pia habari ya shamba. Mtoto yatima mara nyingi ana haki katika ardhi ya baba yake, na nimewaona ndugu waliomgombea mtoto kwa sababu ya ekari mbili, kisha ekari zilipoandikwa upya mtoto akawa mchunga mbuzi. Afisa anayemtembelea mtoto aliye kwa ukoo atembee mpaka mpakani mwa shamba.

Hatua ya tatu: mkoba, simu, fedha

Haya matatu yawe tayari kabla hujasimama mbele ya watu kuomba walezi. Kama bado, ahirisha tangazo.

Mkoba kwanza. Ni jalada la plastiki tu, la kufungwa kwa kifungo, lakini ndilo lingenijibia swali la muuguzi usiku ule. Ndani yake iwemo barua yenye muhuri inayomtaja mtoto na mlezi kwa majina, na kusema mlezi anaweza kuridhia matibabu ya kawaida, kumwandikisha mtoto shule na kusafiri naye ndani ya nchi. Kiwemo cheti cha kuzaliwa, au risiti ya kuonyesha kwamba kimeombwa, pamoja na jina la aliyekiomba. Kiwemo kijitabu cha kliniki na orodha ya dawa. Iwemo tarehe ya ziara ijayo ya afisa, imeandikwa, isiwe "tutakupigia".

Kisha iwemo karatasi moja ambayo maofisi huiona ya kitoto, nami naiona ya maana kuliko zote: mtoto huyu ni nani akiwa kwao. Niliwahi kupokea mvulana ambaye kwa siku mbili hakuitika jina lililo kwenye faili. Nikadhani ana tatizo la masikio. Siku ya tatu alikuja mtu wa mtaani kwao, akasimama mlangoni akaita "Babu!", na mtoto akakimbia. Alikuwa amepewa jina la babu yake, na tangu azaliwe hakuna aliyemwita vinginevyo. Siku mbili mtoto yule alikaa katika nyumba ambayo hakuna aliyelijua jina lake. Kwa hiyo uliza na uandike: anaitwaje nyumbani, anakula nini, analala na taa au gizani, anaogopa nini, nani alikuwa akimbembeleza akilia. Anayejua majibu ni mama, nyanya au jirani, na wakati wa kuwauliza ni saa ile mtoto anapoondolewa.

Simu. Nambari 116 ipo, ni ya bure, inapokewa usiku na mchana, na kazi yake ni kubwa: kuripoti mtoto anayedhulumiwa. Mlezi anahitaji kitu cha ziada, mtu wa kaunti ndogo yake anayelijua faili lake. Panga zamu baina ya maafisa na wajitolea wa kulinda watoto, wawe na simu moja ya ofisi inayopokezanwa kila wiki ili nambari isibadilike. Halafu ijaribu. Piga usiku wa Jumamosi, saa nane. Ikilia bila kupokewa, hujawa tayari kumkabidhi mtu mtoto.

Fedha ndipo penye maneno mengi. Watu husema mlezi akilipwa atalea kwa tamaa. Namjibu mwenye hoja hiyo kwa kumwomba afanye hesabu ya kituo: mishahara ya walinzi na wapishi, kuni, umeme, mafuta ya gari, kodi, halafu agawanye kwa idadi ya watoto. Fedha hizo hakuna anayeziita tamaa. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya kwa fedha, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini inayolea yatima na watoto walio hatarini. Angalia: ni kwa kaya, si kwa kila mtoto, na ni kwa kaya iliyopimwa ikaonekana maskini. Mwalimu mstaafu anayepokea ndugu watatu hana fungu hapo. Weka posho ya malezi iliyo mbali na umaskini wa mlezi, ihesabiwe kwa kila mtoto, ianze siku mtoto anapovuka kizingiti, na iwe ya kurudisha gharama tu. Zaidi ya hiyo, kuwe na kifurushi cha wiki ya kwanza: godoro, blanketi, sare, viatu, mafuta ya kujipaka. Watoto hawa huja na nguo za mwilini na mfuko wa plastiki.

Palipo na upungufu wa fedha taslimu, ondoa gharama. Mtoto aingizwe kwenye bima ya afya ya jamii bila mlezi kuzungushwa kwa kukosa cheti. Awe na fungu lake la basari, asishindanie. Cheti cha mwenendo mwema ambacho mwombaji anatakiwa kukilipia DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kilipiwe na ofisi inayomwomba alee.

Hatua ya nne: tafuta kwa neno sahihi, mahali sahihi

Sasa tangaza, lakini chagua neno. Lugha ya kiofisi inasema "malezi ya kambo" na "wazazi wa kambo". Ukimwambia mama wa Kisauni au wa Malindi kwamba unatafuta mama wa kambo, anachosikia ni yule wa hadithi, anayempa mtoto ukoko na kumpiga kwa mwiko. Neno hilo libaki kwenye fomu za sheria. Mbele ya watu sema mlezi. Mlezi ni neno la heshima. Mtu huitwa mlezi wa timu, mlezi wa chama, na hujivunia. Wanyarwanda walilijua hili: walezi wao huitwa Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi, na jina lenyewe limewafungulia milango.

Mtangazaji awe mlezi. Afisa afungue mkutano kwa dakika tano, kisha akae. Mlezi mwenye miaka minne ya kazi aeleze usiku wa kwanza ulivyokuwa, mtoto alivyojificha chini ya kitanda, na lini alicheka mara ya kwanza. Nenda kwenye vyama vya akina mama, mikutano ya SACCO ya walimu, jumuiya ndogondogo za kanisa, darsa za msikitini, baraza la chifu. Ukitafuta nyumba ya mtoto mwenye kifafa, ongea na wauguzi wastaafu. Ukitafuta anayejua lugha ya ishara, nenda shule ya viziwi, ukaongee na wapishi na walezi wa mabweni, wao wanayajua maisha ya watoto hao saa zote.

Pwani na Kaskazini Mashariki, sema mapema kuhusu kafala. Muislamu anayeogopa kumpa mtoto nasaba isiyo yake atatulia akisikia kwamba katika kafala mtoto anabaki na jina la ukoo wake, harithi kama mwana wa kuzaa, lakini anaweza kuandikiwa wasia usiozidi theluthi ya mali. Suala la umahram akibaleghe, yaani kama anahesabiwa ndugu asiyeweza kuoana na watu wa nyumba hiyo, huwatia wengi wasiwasi, na linahitaji jibu la kadhi kabla ya fomu. Katika madhehebu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kabla ya miaka miwili huwa mwana wa ziwa, na familia inayopokea mchanga itataka kulijua hilo mapema.

Hatua ya tano: chuja bila kuchosha

Mwombaji mwema anayengoja miezi minane bila kusikia lolote huenda zake; mwenye nia mbaya ana subira. Weka muda kwenye sera: jibu la kwanza ndani ya siku tano, ziara ya nyumbani ndani ya wiki tatu, uamuzi ndani ya miezi mitatu, na kila kikichelewa mwombaji aambiwe kwa nini.

Gawa masharti mafungu mawili. La kwanza halijadiliwi: historia ya kumdhulumu mtoto, ukatili nyumbani, ulevi unaomwangusha mtu, mtu wa nyumbani anayekataa kuhojiwa. La pili linarekebishika: choo kibovu, kisima bila kifuniko, kitanda pungufu, jiko linalowaka mlangoni. Kwa fungu la pili ofisi isaidie.

Nenda nyumbani mara mbili, mara moja kwa miadi na mara moja bila taarifa. Ongea na watoto wa nyumba hiyo peke yao. Waulize wakikosea nyumbani hufanywa nini. Hilo ndilo swali lililonifundisha mengi kuliko fomu yoyote. Mzee wa mtaa na majirani wa pande mbili waulizwe, kila mmoja kwa wakati wake. Mtu mmoja asimpitishe mlezi peke yake, na afisa asimpitishe ndugu yake.

Mafunzo yasiwe semina ya hoteli ya siku mbili. Jumamosi sita, kila moja kwa muda wa saa tatu, karibu na watu wanakoishi, na anayefundisha awe na mlezi mzoefu kando yake. Waambieni ukweli: mtoto ataiba chakula na kukificha chini ya mto, atakojoa kitandani akiwa na miaka 11, atakwambia wewe si mama yangu. Anayeondoka baada ya kusikia hayo ameokoa mtoto.

Hatua ya sita: miezi mitatu ya kwanza, na nyumba kumi

Hapa ndipo walezi hupotea. Ziara ya kwanza iwe ndani ya saa 48, kisha kila wiki kwa mwezi mzima, kisha kila wiki mbili. Afisa mmoja hawezi. Rwanda iliweka wajitolea wawili kila kijiji, mwanamke na mwanamume, waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia. Sisi tuna wajitolea wa kulinda watoto. Wapewe nauli na muda wa maongezi wa simu, maana kujitolea hakulipi bodaboda.

Mpango wa Mockingbird, ulioanzia Seattle mwaka 2004, hupanga nyumba 6 hadi 10 za walezi kuizunguka nyumba moja ya mlezi mzoefu. Mzoefu huyo hupigiwa simu kwanza, huwakusanya wote kila mwezi, na huwapokea watoto kwa usiku mmoja au wikendi ili mlezi apumzike. Nikiusikia mpango huu nafikiria Nyumba Kumi, ambayo kila mtaa unaijua. Mlipe mlezi wa kitovu, yaani yule mzoefu, mpe vitanda viwili vya ziada, na uandike kwenye sera kwamba kila mlezi ana haki ya wikendi moja ya kupumzika kila mwezi bila kuulizwa sababu. Kuna mama ninayemjua aliyesema anataka kuacha kabisa. Alilala nyumba tupu siku mbili, akarudi kumchukua mtoto Jumapili jioni akiwa amesuka nywele.

Hatua ya saba: haki zilizoandikwa

Majimbo kadhaa ya Marekani yameandika haki za wazazi walezi kisheria. Zako zienee ukurasa mmoja: kujulishwa historia ya mtoto kabla ya kumpokea, kukataa mtoto usiyemweza bila kufutwa kwenye orodha, kusikilizwa mahakama ya watoto inapoamua, kuruhusu mambo ya kawaida ya utoto, kama safari ya shule au kulala kwa rafiki, bila kuandika barua kwa afisa, na kupewa taarifa ya kutosha mtoto anapohamishwa, isipokuwa yuko hatarini.

Tuhuma zitakuja, nyingine za kweli. Mlezi akituhumiwa, mtoto alindwe mara moja na uchunguzi ufanywe na mtu asiye afisa wa kesi hiyo, kwa muda uliotajwa. Mlezi apewe wa kumshauri. Ikithibitika, aondolewe na jina lake liwafikie maafisa wa kaunti zote. Sera inayomwonea aibu mlezi mbaya inawafukuza wazuri, kwa sababu wao ndio wanaomjua.

Hatua ya nane: kuagana

Malezi haya ni ya muda, na kurudi kwao ndiko kheri mara nyingi. Ila mtoto akichukuliwa saa nne asubuhi kwa gari, na saa kumi mlezi akapigiwa kuulizwa kama anaweza kupokea mwingine, umemvunja. Panga kurudi kwa hatua: mchana mmoja, usiku mmoja, wikendi. Mlezi ampeleke mwenyewe, akae, ale huko, amwelekeze mama mambo ya mtoto. Mpe wiki nne kabla ya kumwomba tena.

Wapo wasio na pa kurudi, na wengi hutimiza miaka 18 wakiwa bado kidato cha tatu au cha nne. Uingereza ilipitisha mwaka 2014 kwamba kijana anaweza kubaki kwa mlezi wake hadi miaka 21. Kwetu posho iendelee angalau hadi amalize shule au chuo cha ufundi.

Hatua ya tisa: wapigie walioacha

Kila mwaka, mwezi wa Februari, chukua orodha ya walezi walioacha au walionyamaza. Mtu asiye wa ofisi ya watoto awapigie mmoja mmoja na kuwauliza mambo matatu: ni siku gani ulijua utaacha, nani ulimpigia siku hiyo, na alikujibu nini. Yaandike maneno yao kama walivyoyasema, hesabu simu ambazo hazikupokewa na posho zilizochelewa, na uifikishe karatasi hiyo kwa wanaoandaa bajeti mapema. Makadirio ya matumizi hupelekwa bungeni na kwenye mabunge ya kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na baada ya hapo mlezi atangoja mwaka mwingine.